MAMBO YA NYUMBANI: Mapumziko ya Mume na Mke

Mwezi uliopita tulisema habari za kuweka akiba ya chakula baada ya mavuno. Mwezi huu twataka kujibu swali tulilopelekewa na mwalimu mmoja wa upande wa Runzewe. Yeye na mkewe wameazimu kwenda kukaa siku tatu katika kisiwa cha Rubondo wakati shule zifungwapo, na watoto wao wakae kwa bibi yao. Habari ilipojulikana, majirani walicheka. Mmoja alisema, "Mtu na mkewe waende nyumba ya wageni kutafuta nini, nao wana nyumba yao?" Wa pili alisema, "Miti hata hapa iko, ya nini kulipa fedha kwenda kutazama miti?" Na mzee mmoja wa kanisa aliye rafiki yao alisema kwa upole ya kuwa ni upotevu wa mali. Basi mwalimu atuuliza, Je, ni vibaya?

Jibu letu ni fupi: si vibaya, na pengine ni wajibu. Lakini jibu fupi halitoshi, kwani maneno ya wale watatu hayakutoka hewani. Kila neno lina mzizi wake, na mzizi usipochimbwa mti huchipuka tena. Na tuyatazame moja moja.

Neno la kwanza ni la nyumba ya wageni. Sote twaijua Runzewe. Hapo hupita malori yaendayo Rwanda, madereva hulala, na wachimbaji washukao na fedha mpya hulala pia. Nyumba za wageni ni nyingi, na sifa ya baadhi yake si njema. Kwa hiyo mtu akisikia ya kwamba mwanamume fulani ameonekana mlangoni pa nyumba ya wageni pamoja na mwanamke, hawazi kabisa ya kuwa mwanamke yule ni mkewe. Tazameni basi jambo hili la ajabu. Mume aingiaye usiku kwa mlango wa nyuma na mwanamke asiye wake, hukuta watu wa kumfichia siri. Mume aingiaye mchana kwa mlango wa mbele na mke wake wa ndoa, huchekwa. Aibu imehama mahali pake. Kazi ya nyumba za Kikristo ni kuirudisha ilikotoka, na mwalimu huyu ameanza kuirudisha bila kujua.

Neno la pili ni la miti. Wazee wetu waliujua msitu kuwa ni mahali pa kazi na pa hatari. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wengi wa magharibi ya Tanganyika walihamishwa wakakusanywa pamoja, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Hata leo mume wa Bukombe aendaye msituni huenda kurina asali, au kupasua mbao, au kutafuta ng'ombe waliopotea. Mke huenda kuokota kuni. Hakuna aendaye kukaa tu. Basi twamwelewa jirani yule. Lakini na tumwulize: Je, ulipata lini kuutazama mti bila kuhesabu mbao zilizomo? Mtu akitazama kila kitu kwa jicho la kazi, mwisho humtazama hata mke wake kwa jicho hilo. Huona maji yaliyotekwa, chakula kilichopikwa na shamba lililopaliliwa, asimwone aliyefanya hayo yote.

Neno la tatu, lile la mzee, ni zito zaidi, maana fedha hazipatikani kwa urahisi. Twamheshimu mzee huyu, wala hatusemi ya kuwa mtu aache ada ya shule au dawa ya mtoto, aende kustarehe. Lakini twauliza kama tumepima sawasawa. Nyumba ikipasuka, gharama yake ni nini? Hesabuni nauli za kwenda na kurudi kwa wazee wa pande mbili, siku za mabaraza, watoto kugawanywa, na nyumba ya pili kujengwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku tatu za kukaa pamoja ni udongo wa kuziba ufa, na udongo ni rahisi kuliko matofali.

Wengine watasema ya kuwa desturi hii ni ya wageni kutoka Ulaya. Sivyo. Watu wa pwani yetu tangu zamani wana fungate, ndizo siku saba baada ya arusi ambazo bwana arusi na bibi arusi hukaa ndani, wakahudumiwa na kupikiwa, ili wajuane. Tena katika sheria ya Musa mwanamume aliyeoa karibu aliachiliwa asiende vitani mwaka mzima, kusudi mkewe apate furaha kwake. Na Bwana wetu mwenyewe, alipoona wanafunzi wake wamechoka hata hawana nafasi ya kula, aliwaita wajitenge mahali pasipo watu. Hao walikuwa wametoka katika kazi njema kabisa, wala hakuwaambia waendelee mpaka waanguke.

Na tuseme neno moja kwa waume. Jumapili baada ya ibada, mume hukaa chini ya mwembe, wageni wakaja, mazungumzo yakawa matamu. Ni nani apikaye? Ni nani atekaye maji ya kunawa, na kuosha vyombo? Siku ya mapumziko ya mume ndiyo siku ya kazi nyingi ya mke. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mtu aliyeajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Lakini mke wa mkulima au wa mchimbaji, ni nani ampaye hata siku moja? Tumesikia mama mmoja akisema ya kuwa katika miaka kumi na minane ya ndoa, siku aliyokula chakula ambacho hakukipika mwenyewe ni siku ya msiba tu. Neno hilo lituchome.

Sasa kwa ajili ya wasiopajua Rubondo, twaeleza kidogo. Kisiwa hiki kiko kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wetu wa Geita, ambao Bukombe iliingia mwaka 2012 ilipotolewa Shinyanga. Kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Hifadhi yote, pamoja na maji na visiwa vidogo vilivyo kando, ni kama kilomita za mraba 457, na sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu wa miti mirefu. Zamani walikaa humo Wazinza, watu wa kuvua samaki na kulima migomba. Katika miaka ya 1960 walihamishwa ili kisiwa kiachiwe wanyama. Tupitapo chini ya miti ile tusiwasahau, maana utulivu tunaoufurahia ulinunuliwa kwa nyumba za watu.

Simba na chui hawako huko. Wako viboko na mamba, pongo, fisi maji, na nzohe, yule mnyama apendaye kukaa katika mafunjo. Ndovu, twiga na mbega waliletwa kutoka bara. Vifaru nao waliletwa, lakini majangili waliwamaliza. Asubuhi husikika sauti ya furukombe akiita juu ya maji, nayo husikika mbali sana.

Lakini habari ya kisiwa hiki iliyotushangaza kuliko zote ni ya sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika la Frankfurt la kulinda wanyama, likiongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, lilileta huko sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wametekwa wangali wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakafungiwa, wengine miaka mingi, wakilishwa kwa mkono wa binadamu. Waliposhushwa kisiwani, hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wataweza kuishi. Wakajifunza upya kuchuma matunda na kujenga viota juu ya miti, wakazaa, na leo wazao wao ni makumi mengi. Kiumbe aliyefungwa muda mrefu aweza kujifunza tena lililo lake, akipewa nafasi.

Sasa na tusimulie habari ya nyumba moja tunayoijua. Majina yao tunayaficha, nao wametupa ruhusa. Mume ni mchimbaji wa dhahabu. Aliondoka akaenda kwenye maduara, akakaa huko miezi kumi na minne, akija nyumbani mara mbili tu. Fedha alizipeleka kwa simu bila kukosa, na watu wakamsifu kuwa mume mwema. Aliporudi, nyumba ilikuwa na mabati mapya na watoto walikuwa shuleni, lakini baina yake na mkewe hapakuwa na neno. Walisema habari za mahindi na za karo tu. Tena ulikuwako ugomvi mdogo wa kila siku. Mume alikuwa na mbuzi, akimfunga nyuma ya nyumba karibu na migomba, na kila asubuhi alimkuta mbuzi amefunguliwa na kufungwa mahali pengine. Alimgombeza mkewe, naye mke hakujibu.

Dada mkubwa wa mume alipoona hivi aliwaambia waende mahali wawili tu. Wakaenda Rubondo. Jioni ya kwanza walikaa ufukoni kama wasafiri wawili wangojao gari moja. Siku ya pili walikwenda msituni pamoja na askari wa Hifadhi. Sokwe hawakuwaona, waliona viota vyao tu juu ya miti. Askari akawaambia ya kuwa sokwe hujenga kiota kipya kila jioni, hategemei cha jana. Wakaketi juu ya gogo kupumzika, na askari akasogea mbali kidogo. Ndipo mke akasema:

"Baba watoto, masika ile ulipokuwa shimoni, mimba yangu ilitoka. Ilikuwa ya miezi minne. Mama alinizuia nisikupigie simu, akasema mtu aliye chini ya ardhi asipewe habari ya kumtetemesha mikono."

Mume akauliza, "Mlimzika wapi?"

Mke akajibu, "Pale kwenye migomba, unapomfunga mbuzi."

Hakusema neno kwa muda mrefu. Halafu aliuliza kwa nini hakumwambia aliporudi. Akajibiwa, "Nilikuwa nakungoja uulize habari zangu. Uliuliza za mabati."

Wasomaji wetu, hatutaki kuwadanganya ya kuwa watu wale walirudi malaika. Mume alikuwa na deni, akarudi kwenye maduara baada ya wiki tatu. Bado hugombana kwa habari ya fedha. Lakini sasa huja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na mbuzi amehamishwa, na pale kwenye migomba pamezungushiwa mawe.

Wala msimhukumu yule mama mkwe. Alikuwa ameona mashimo yakiwafunika vijana wa watu, akaogopa kwa ajili ya mwanawe, naye alimzika mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe. Hakukuwa na mtu mbaya katika nyumba ile. Palikosekana nafasi. Je, wasingeweza kuyasema hayo nyumbani? Pengine wangeweza. Lakini nyumbani mna mama, na watoto, na jirani apitaye kuomba chumvi, na simu iliayo. Neno zito ni kama nzohe katika mafunjo: halitoki palipo na kelele.

Basi kwa mwalimu wetu, na kwa wengine watakao kufuata, twatoa shauri hili.

Kwanza, wapatane wote wawili. Safari ambayo mume ameamua peke yake, na mke akaambiwa jana yake afunge mzigo, ni amri, haitampumzisha. Mwulize apendacho. Pengine apenda kukaa mahali asipikie mtu, basi.

Pili, wasikope. Waweke fedha kidogo kidogo katika kibubu. Shilingi 1,000 kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Hifadhi ina mabanda ya kulala karibu na maji, na raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nchi za mbali. Waulize bei zote mapema, pamoja na ya mashua, wasije wakaaibika njiani.

Tatu, wachague wakati. Mwezi wa Juni hata Agosti ni kiangazi, njia za msituni ni kavu, na walimu hupata likizo ya Juni. Toka Novemba hata Machi mvua hunyesha, lakini ndio wakati wa maua na vipepeo.

Nne, njia. Kutoka Runzewe barabara ya lami yaenda Bwanga, kama kilomita 45. Toka hapo msafiri aelekea Chato na Muganza, na karibu na Muganza iko bandari ndogo ya Kasenda. Mashua ya Hifadhi huvuka hapo kwa muda wa nusu saa hivi, nayo sharti iagizwe mbele. Wako wapitao Nkome, lakini njia ya maji huko ni ndefu zaidi.

Tano, adabu za porini. Wasioge ziwani, maana mamba wako. Wasiwape wanyama chakula. Mwenye mafua au kikohozi asiwakaribie sokwe, kwani ugonjwa wetu mdogo waweza kuwaua. Mifuko ya plastiki waiache, nayo imekatazwa nchini tangu mwaka 2019. Nguo za buluu na nyeusi zisivaliwe porini, kwa maana mbung'o huzifuata.

Sita, simu. Wamwachie bibi wa watoto namba ya kuwapata likitokea jambo, kisha wazizime. Mtu aketiye na mkewe huku kidole kikitembea juu ya kioo, yuko kwenye maduara bado.

Saba, wasiigeuze safari kuwa baraza la kesi. Mume asiende na orodha ya makosa ya mke, wala mke asiende na ya mume. Waanze kwa kuuliza, na mtu akiisha kuuliza anyamaze asikilize mpaka mwisho, hata kama asikiayo yauma.

Lakini wako wasomaji wetu ambao kwao Rubondo ni mbali, na shilingi 1,000 ya siku ndiyo unga wa siku. Hao nao tusiwasahau. Watoto na wapelekwe kwa shangazi tangu asubuhi hata jioni. Chakula kipikwe jana yake, au mume apike. Waende wawili mtoni, au chini ya mninga ulio mwisho wa shamba, wasichukue jembe wala kamba ya kuni. Wakutanapo na watu njiani na kuulizwa waendako, wajibu bila haya, "Twatembea." Watachekwa mara ya kwanza. Mara ya tatu majirani watazoea, na mara ya nne jirani aliyecheka atamwambia mkewe avae viatu.

Na kwa ndugu zetu walimu na makatekista neno moja: ninyi hutazamwa. Mwalimu atembeapo na mkewe bega kwa bega, asiyemwacha nyuma hatua ishirini na mzigo kichwani, hufundisha somo lisiloandikwa ubaoni. Vijana wanaokwenda kwenye maduara bila kuona mfano huo nyumbani, watajifunza ndoa kwa watu wa huko, na ninyi mwajua ni somo gani.

Basi, mwalimu wetu wa Runzewe, nendeni kwa amani. Mzee aliyekuonya, umletee samaki.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za kumlea mtoto aliyeachiwa bibi na wazazi walio safarini.